Glasi tano za matcha na kikombe kimoja cha chai

Leo nimelipiza kisasi nikiwa nimepiga magoti.

Wiki iliyopita nilijaribu kutengeneza kinywaji cha mahindi matamu na matcha, ule unga wa chai ya kijani wa Kijapani. Nikakosea, nikatumia mahindi magumu, yale ya kuchoma barabarani.

Kikatoka uji wa kijani, banange!

Wifi yangu Zaituni akaupiga picha, akaitupa kwenye grupu la familia: “Kaka yetu analishwa chakula cha ng’ombe.”

Kusahau, sikusahau.

Leo kaja na mama mkwe na mashangazi wanne.

Mahindi matamu nilishayanunua soko la Nakawa. Nikayachemsha, nikasaga na maziwa, nikachuja, barafu, kisha matcha juu. Manjano chini, kijani juu. Kinapendeza hadi unaogopa kukikoroga!

Nikagawa glasi tano. Kwa Zaituni nikapiga magoti, kama mke mwema wa hapa Kampala, nikampa chai ya rangi kwa mikono miwili.

“Na mimi je?”

“Wifi, nitakupaje chakula cha ng’ombe?”

Mashangazi wakaacha kunywa, wakamgeukia.

Mama mkwe akamaliza yake taratibu, akanyoosha glasi.

“Zaituni, nenda kaniongezee hicho chakula cha ng’ombe.”

Akaenda.

Semeni, nimezidisha? Maana chai yake bado iko mezani, imepoa.