Siku za Mwisho za Mama Pasi

Mama Pasi alikuwa dobi mwenye mdomo: nguo alizinyoosha kwa pasi, watu kwa ulimi. Damu ya mwezi ilipozidi kumtoka kama bomba lililopasuka, wenzake dukani wakamshikilia mpaka akaenda kupigwa picha ya tumbo. Alienda akinung'unika njia nzima.

Mpiga picha alimpaka mafuta ya baridi chini ya kitovu, akakunja uso mbele ya kioo cha mashine. "Mama, siku zako za mwisho lini?"

Lahaula! Hivi kweli mtu huulizwa hivyo, tena amelazwa chali? "Ajuaye ni Mungu," akajibu kwa sauti nyembamba. Yule akaandika kuwa hajui, akampa majibu: ukuta wa mfuko wa uzazi umenenepa kuliko kawaida, amwone daktari wiki ijayo.

Basi Mama Pasi akarudi nyumbani kufa, na kufa kwake hakukuwa kwa kimyakimya. Alimsamehe wifi yake kosa moja baada ya jingine, akiyataja yote, mpaka wifi akaondoka amenuna kuliko alivyokuja. Sufuria kubwa akampa jirani. Kwa mumewe akasema, "Ukioa, oa mwenye akili." Mume, mtu wa maneno machache, akasema, "Haya."

Haya! Mama Pasi alikasirika hata akasahau kufa mpaka jioni. Lakini kila alipomtazama binti yao wa darasa la kwanza, alimvuta karibu. Nani atamlea huyu?

Daktari, mwanamama wa miwani, naye akaanza yaleyale: "Siku zako za mwisho..."

"Jamani, hata wewe!" Mama Pasi akaangua kilio. "Mtaniuliza mara ngapi nitakufa lini?"

"Mama wee, nauliza hedhi!"

Mama Pasi akafuta kamasi. "Hedhi? Si ilikuja kesho yake tu, baada ya ile picha!"

Daktari alicheka mpaka akavua miwani, kisha akaeleza. Kwa mwanamke ambaye bado anapata hedhi, ukuta ule hunenepa kila mwezi siku zinapokaribia, halafu hubanduka ukatoka na damu. Picha ya wakati huo yaweza kutisha bure. Watarudia hedhi ikishakatika. Ukuta ukibaki mnene, watachukua kipande kidogo wakipime. Na damu nyingi nayo si ya kupuuza, wataitafutia chanzo.

Wakarudia. Ukuta ulikuwa mwembamba, hauna neno. Kulikuwa na kivimbe kidogo ambacho daktari alisema si cha kuogopesha, akaandika dawa ya kupunguza damu.

Mumewe alikuwa akisubiri kwenye korido. Kusikia tu, akakaa sakafuni akilia mbele za watu.

"We baba, nini tena? Si nimekwambia mimi mzima!"

"Nilikuwa najifunza kusuka," akasema.

"Kusuka nini?"

"Nywele za mtoto. Najifunzia kwenye nyuzi za dekio, wewe ukishalala. Njia ya katikati hainyooki, mama. Kila nikijaribu hainyooki."

Mama Pasi, ambaye hajakosa neno tangu azaliwe, akakaa sakafuni kando yake.