Injini ya Shemeji Sabiri

Uweso, fundi wa injini za dizeli pale Tanga, ana tabia inayowachekesha watu: akiitwa kukagua mashine, huishika injini kabla hajampa mkono mwenye mali. Lazima aikute baridi. Injini iliyokwisha kupashwa huwaka mara moja, ugonjwa wake ukajificha, na mnunuzi akaingizwa mjini hivi hivi anaona.

Asubuhi moja Bibiana, muuza mbao, alimchukua wakaenda Tongoni kutazama foklifti ya kunyanyulia mbao. Wapakiaji wake walikuwa hoi kwa kubeba mbao mabegani, naye alikuwa na haraka. Muuzaji alikuwa Sabiri, mume wa Mwatumu, na Mwatumu ni mdogo wake Uweso, tumbo moja. Jioni ya kuamkia siku hiyo Mwatumu alikuwa amempigia simu kaka yake. "Kaka, hiyo mashine isipouzwa, nyumba inauzwa. Nifikirie." Uweso alijibu kwamba amesikia, basi.

Walipofika uani kwa Sabiri, Uweso akaweka kiganja juu ya injini. Baridi kabisa.

"Haya shemeji, umeshaisalimia," Sabiri akatania. "Sisi je?"

Uweso akacheka, akampa mkono. Kisha akachomoa stiki ya oili, akaipitisha vidoleni. Oili ilikuwa ya moto. Lahaula! Chuma kimemwagiwa maji kikapoa, oili ndani imebaki na joto lake. Akairudisha stiki taratibu.

"Tungoje kidogo," akasema.

Bibiana aliguna, akatafuta pa kukaa. Wakangoja mpaka jua likawa kali na oili ikapoa. Sabiri alipowasha, injini ikakohoa, ikagoma, ikaja kushika kwa shida huku ikitoa moshi uani kote. Uweso akafungua kifuniko cha oili, akakilaza juu ya tundu lake bila kukikaza. Kikarukaruka pale kwa hewa iliyosukumwa kutoka ndani, kama kifuniko cha sufuria inayochemka.

"Ringi za pistoni zimekwisha, dada Bibiana. Usinunue."

Habari ya maji hakuigusa. Bibiana akashukuru, akatangulia garini. Sabiri akaingia ndani bila kuaga. Uweso ilimuuma, tena sana, maana ndugu yake wa kike ni Mwatumu mmoja tu.

Mwatumu akatoka na kikombe cha chai.

"Shikamoo kaka. Maji niliyamwaga mimi."

"Marahaba. Naona kanga yako imeshika oili. Kabadilishe."

"Na nyumba je?"

Uweso akanywa chai yote, akamrudishia kikombe.

"Ikiuzwa, mje kwangu."