Siku Sokoro Alipotuvusha Gucha

Wenzangu mliokula ugali wa wimbi kwa mboga ya chinsaga na kukimbilia shule miguu mitupu kabla ya uhuru, mtanielewa nikisema kwamba enzi zetu mto Gucha uliogopwa kuliko mwalimu yeyote. Mtoto aliyerudi nyumbani na nywele mbichi alichapwa kwanza, maelezo yakafuata. Isipokuwa sisi wajukuu wa Makori. Sisi tulifundishwa kuogelea na babu yetu mwenyewe, ambaye tulimwita Sokoro, kama Wakisii wanavyomwita babu. Alituingiza mtoni mmoja mmoja, mkono wake chini ya tumbo, akisema, "Piga miguu! Maji yatakubeba ukiacha kugombana nayo."

Sokoro alikuwa amefanya kazi kwenye meli za ziwani, kule Kisumu, chini kabisa kwenye chumba cha injini. Alizipaka mashine mafuta na kuzisikiliza kama zinakohoa. Alizoea kulala juu ya maji hivi kwamba aliporudi kwetu milimani, upande wa Nyamache, alilalamika kuwa kitanda kimetulia mno. Wanaume wengine walirudi kutoka kazini na baiskeli, au wakanunua ng'ombe. Yeye alirudi na mkokoteni wa maksai uliobeba gramafoni, sanduku la spana, makapi mawili ya chuma ya kupitishia kamba na bunda la waya mnene uliokuwa umetupwa bandarini. Jirani yetu, Mzee Ondieki, aliuzunguka ule waya mara mbili, kisha akauliza, "Makori, huyu atazaa lini?" Watu walicheka mpaka wakakaa chini.

Sokoro hakujali. Wimbi lilipokaribia kuiva, watoto wa jirani walishinda shambani wakipigia ndege kelele hadi sauti zikakauka. Sokoro akachonga gurudumu la mbao, akalitega kwenye kijito, nalo likawa linazunguka na kuinua kinyundo kilichogonga debe: ko! ko! ko! mchana kutwa. Ndege wote wakahamia kwa Ondieki, na sisi tukapata nafasi ya kuteleza mteremkoni juu ya magome ya migomba. Jioni aliizungusha gramafoni, mlima mzima ukasikia. Siku hizi simu ya kijana ikiisha chaji nusu saa anaona dunia imekwisha. Sisi tulikuwa na santuri tatu, moja imepasuka, na tuliimba hata pale iliporuka.

Kiangazi kimoja akaufunga ule waya kutoka mkuyu wa ng'ambo hii hadi mkuyu wa ng'ambo ile, juu ya mto. Akaunda mashua ya mbao, akaitundika kwenye waya kwa kamba mbili na yale makapi. Ukivuta kamba ya mbele, mashua inakaa mshazari, na maji yenyewe yanaisukuma hadi upande wa pili. Hakuna kasia, hakuna injini. "Huu mto unafanya kazi usiku na mchana," alisema, "na hakuna hata mtu mmoja aliyeuajiri!" Alivusha mikungu ya ndizi mara nyingi. Lakini binadamu? Hakuna aliyekubali kuikanyaga. Daraja la magogo lilikuwepo, watu wakapita juu yake wakimcheka.

Mwisho wa mwaka nikiwa darasa la nne, mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Asubuhi ya mtihani tulifika mtoni watoto saba, wawili kati yetu wasichana, tukakuta daraja limechukuliwa. Gucha ilikuwa nyekundu kama udongo wa kufinyangia, inanguruma. Shule ya kufanyia mtihani ilikuwa ng'ambo. Na enzi hizo darasa la nne ndilo lililokuwa na mlango mwembamba. Ukikosa mtihani huo, hasa ukiwa msichana, umeshapewa jembe.

Sokoro alishuka na saa yake ya mfukoni. "Tuna wakati," akasema.

Baba yangu, aliyeshuka naye, alinishika mkono. "Kemunto haendi. Siwezi kumzika mtoto kwa sababu ya karatasi."

 Sokoro aliingia mashuani peke yake, akavuta kamba, na mbele ya macho yetu mashua ikakata yale maji makali hadi ng'ambo. Akageuza kamba, akarudi. Hata shati lake halikulowa.

"Umeona?" akamwuliza baba. "Sasa mwachie mwanao mkono."

Baba hakuniachia. Mimi nikasema, "Baba, nikibaki leo nitabaki siku zote." Sijui nilipata wapi ujasiri ule; katika nyumba yetu msichana hakumjibu baba.  Kisha baba, ambaye tangu utotoni aliogopa maji kama paka, akasema, "Basi twende wote." Akapanda, akafumba macho, akanikumbatia.

Tulipofika katikati mtu akapiga kelele ukingoni. Gogo zima, na mizizi yake, lilikuwa linakuja juu yetu. Sokoro alilegeza kamba ya mbele; mashua ikanyooka kufuata maji, ikasimama palepale kama ng'ombe aliyeambiwa simama. Gogo likapita mbele yetu hatua mbili tu, mizizi yake ikilamba ubao. Akavuta kamba tena. "Injini haina haraka," akasema akiuonyesha mto kwa kidevu, kana kwamba anazungumzia hali ya hewa. Ng'ambo, baba alifumbua macho, akacheka kama mtoto.

Wenzangu wote walivushwa. Nilipogeuka kilimani nilisikia vigelegele, nikamwona Mzee Ondieki mwenyewe akiwapokea watoto mikononi kuwaingiza mashuani. Tuliketi kwenye madawati na magoti yenye matope kabla kengele haijalia. Mwaka uliofuata nikawa msichana wa kwanza wa mlima wetu kwenda shule ya bweni, na mashua ya Sokoro ikavusha watu wa soko, wagonjwa na maharusi hadi daraja jipya lilipojengwa.

Leo pale kuna daraja la saruji. Vijana wanapita juu yake na vitu masikioni, hawajui hata kama chini kuna maji. Majuzi mjukuu wangu kutoka Nairobi aliniuliza ninatazama nini. Nilimwambia avue viatu. Tukashuka polepole, magoti yangu yakilalamika, hadi Gucha ikatufika vifundoni. Aliguna kwa baridi, akanishika mkono, kisha akauachia mwenyewe na kusogea mbele. "Bibi," akaniita akicheka, "yananisukuma!"