Nyumba ya Mlandege Iliyouzwa Mtu Akiwa Ndani

Saa mbili kasorobo asubuhi, Mwanakhamisi binti Selemani amepiga magoti kwenye sakafu ya nyumba isiyo yake, anachungulia mvunguni mwa kitanda cha watu. Mwenye nyumba amesimama mlangoni, mikono kiunoni, uso umemwiva kwa hasira.

"Mama, wewe ni dalali au polisi?" anauliza.

"Dalali, baba. Na kule nyuma kuna nini?"

"Jiko."

"Nifungulie nilione."

Anafunguliwa. Anagusa kuta, anahesabu milango kwa sauti, kisha anatoka uani na kuhesabu madirisha kwa nje. Hesabu ya ndani isipolingana na ya nje, hauzi. Mwisho anauliza swali ambalo wauzaji wa nyumba hapa Iringa wamekwisha kulizoea, ingawa bado linawakera: "Nani analala humu?"

Mwanakhamisi ana umri wa miaka hamsini na miwili. Baba yake alikuwa mwashi kutoka Pangani aliyekuja bara kujenga, akaoa hukuhuku na kuzikwa hukuhuku. Alipofiwa na mumewe, alianza kuuza vitumbua nyumba kwa nyumba, Miyomboni na Mlandege.

"Muuza vitumbua hujua nani anahama kabla hajamwambia mkewe," anasema akicheka. "Mtu akikopa kitumbua kila siku, kisha ghafla akakulipa chote, ujue anafunga mizigo."

Watu wakaanza kumtuma awatafutie wapangaji, kisha wanunuzi. Madalali wanaume huishia barazani wakinywa kahawa na mwenye nyumba. Yeye huingia hadi uani, na kwa sababu hiyo wake wa wanunuzi humwamini. Mwaka mzuri huuza nyumba tano au sita, na kwa kila shilingi mia hupata tano. Mwenyewe hana nyumba. Amepanga chumba Miyomboni kwa shilingi kumi na mbili kwa mwezi.

"Hata hivyo, mlango mmoja ulinipita," anasema, na kicheko kinakatika.

Ilikuwa Juni mwaka jana, 1956, wakati baridi imekolea. Karani mmoja, Liberatus Kalinga, alimwendea akitaka kuuza nyumba ya Mlandege. Alikuwa amepata kazi katika ghala la kahawa Mbeya. Nyumba ilikuwa ya matofali mabichi, vyumba vitano, bati juu. Liberatus alikuwa mtu wa kanisani, mpole, shati lake limepigwa pasi hadi kwenye kola.

Chumba cha tano, cha nyuma kabisa, kilikuwa na kufuli.

"Humo nimeweka mbegu na dawa ya wadudu, Mama," Liberatus alimwambia. "Ni kali, itakuumiza kifua. Nitakisafisha kabla ya kuondoka."

Mwanakhamisi akarudisha mkono wake. Karatasi ya kiwanja alisomewa na Liberatus mwenyewe, maana yeye hajui kusoma. Aliposikia "Kalinga", akaridhika. Hakuuliza ni Kalinga yupi.

Mnunuzi alipatikana upesi. Othmani, mkulima wa mpunga wa Chimala, alikuwa ameuza mashamba yake ili aje kufungua duka Iringa pamoja na mkewe, Zuena. Hati ikaandikwa mbele ya mashahidi, fedha zikatolewa, mikono ikapeanwa. Ijumaa asubuhi Liberatus akapanda basi la Mbeya. Jumamosi adhuhuri Othmani na Zuena wakaingiza vyombo vyao.

Zuena ndiye aliyesikia kwanza. Alikuwa anafagia ukumbi, akasikia mtu anakohoa ukutani.

"Nilidhani ni jirani," anasema Zuena. "Nikaenda nje kutazama. Upande ule hakuna jirani."

Alimwita mumewe. Othmani akaweka sikio kwenye mlango wenye kufuli, akaruka nyuma kama aliyeungua. Wakamtuma mtu mbio kumwita dalali. Mwanakhamisi alifika akiwa bado anaamini kuwa ni paka. Othmani akalipiga kufuli kwa shoka mara tatu, mlango ukafunguka.

Ndani mlikuwa na kijidirisha kimoja kilichozibwa kwa gunia. Juu ya ngozi ya ng'ombe alikuwa amekaa mwanamke mzee, mwembamba, amejifunika blanketi, mtungi wa maji umelala tupu kando yake. Macho yake yalikuwa meupe kama maziwa. Aliinua uso kuelekea kwenye sauti.

"Libe," alisema, "mbona leo umekawia?"

Zuena alitoka mbio kutafuta maji.

"Niliuza nyumba na mtu ndani," anasema Mwanakhamisi polepole. "Kama vile unavyouza kabati na nguo za watu zimo. Na ujira wangu nilikuwa nimekwisha kuupokea, uko kwenye pindo la khanga."

Bibi huyo ni Apolonia Kalinga, mama mzazi wa Liberatus. Majirani walikuwa wameambiwa kwamba alirudi kwao Kalenga miaka minne iliyopita. Wengine walishangaa asivyoaga, lakini shughuli za mji hazimwachi mtu akashangaa kwa muda mrefu. Na nyumba ile aliijenga yeye. Kila tofali lilitokana na ulanzi, ile pombe ya mianzi aliyokuwa akiuza sokoni tangu Liberatus hajaanza kutembea.

Alipopewa maji, Apolonia aliwaonya wasimguse. "Nina ukoma," alisema. "Mwanangu ananificha nisichukuliwe."

Mikono yake na shingo vilikuwa na mabaka meupe. Othmani alirudi nyuma hatua mbili. Zuena hakurudi. Alivua shuka lake, akamfunika mzee, akasema, "Kamwene, Mama," salamu pekee ya Kihehe aliyokuwa ameijua tangu wafike.

Jumatatu wakampeleka hospitali. Daktari alimchoma mabaka kwa ncha ya sindano, taratibu, moja baada ya jingine. Kila alipochomwa, Apolonia alivuta mkono.

"Huyu hana ukoma, angekuwa nao asingesikia sindano," daktari alisema. "Hii ni mbalanga. Haiambukizi, haiui. Macho yana mtoto wa jicho. Nani aliwaambia ana ukoma?"

Mwanakhamisi alimwomba arudie maneno hayo. Kisha akatoka nje, akakaa kwenye ngazi, akajifunika uso kwa khanga.

Kesho yake alipanda basi la Mbeya. Igawa abiria walishuka kula, yeye hakushuka. Chimala walimpa maji, akanywa mafunda mawili. Njia nzima alikuwa anapanga matusi. Asubuhi iliyofuata alimkuta Liberatus ghalani, kalamu sikioni, kati ya magunia ya kahawa.

"Bwana Liberatus, nimekuletea salamu za mama yako."

Uso wa Liberatus ulichangamka. "Amefika Kalenga salama?"

Mwanakhamisi anasema yale matusi yote aliyoyabeba toka Iringa yalimtoka kichwani palepale.

"Kalenga ipi? Mama yako tumemkuta Mlandege, nyuma ya kufuli lako. Siku nzima na nusu bila tone la maji!"

Liberatus akamtazama kama asiyeielewa lugha. Alikuwa amempa mwenye lori la kuni nauli na ufunguo wa pili, amchukue mama yake Ijumaa adhuhuri, wakati watu wako msikitini na njia ni nyeupe, ampeleke Kalenga kwa mdogo wa mama huyo; mzee mwenyewe hakuwa ameambiwa. Mtu yule alichukua nauli, hakwenda, wala hakuleta habari.

"Mama, niamini," alisema. "Niliogopa watampeleka kwenye kambi ya wakoma, nisimwone tena. Watu sokoni walishaanza kunong'ona. Ningefanya nini?"

"Ungempeleka kwa daktari."

"Daktari angemchukua."

"Daktari amemtazama juzi. Mama yako hana ukoma, mwanangu. Ni mbalanga."

"Mbalanga?"

"Mbalanga."

Liberatus alikaa chini, pale pale sakafuni. Wachukuzi walisimama na magunia mabegani, wasijue wapite wapi. "Miaka minne," alisema. Jioni wakakata tiketi mbili za kurudi Iringa.

Wazee wa mtaa walikaa na familia zote barazani Mlandege. Othmani alisema yuko tayari kuondoka akirudishiwa fedha zake, ingawa mashamba ya Chimala yalikwisha kwenda. Liberatus alikiri kwamba sehemu ya fedha ameshaitumia kwa kujengea Mbeya. Mwanakhamisi aliifungua khanga yake, akaweka shilingi tisini za udalali magotini kwa Apolonia.

Mzee huyo alizipapasa, kisha akasema:

"Mimi nyumba hii kwa miaka minne nimeijua chumba kimoja. Hawa wamenifungulia mlango. Wakae. Mnipe fedha zilizobaki, na mimi mnipe mahali pa kulala nisikie watu."

Zuena akajibu kabla ya mumewe: "Amekaa nyuma vya kutosha. Atakaa chumba cha mbele."

Hati mpya ikaandikwa, safari hii ikasomwa mara mbili kwa sauti, na Apolonia akaweka dole gumba. Kisha akamgeukia mwanawe, akamwuliza swali moja tu.

"Kufuli lilikuwa la nini, Libe, na mimi sioni?"

Liberatus alilia mbele ya watu. Hadi leo hajajibu. Kila mwisho wa mwezi hupanda basi kutoka Mbeya, huleta sabuni na sukari, hukaa karibu na mama yake. Huzungumza juu ya mvua.

Mwanakhamisi anaendelea na kazi. Amepoteza wateja waliochoka kupekuliwa, na amepata wengine kwa sababu hiyohiyo. Kila Jumapili alasiri hupita Mlandege, akampaka Apolonia mafuta mikononi, wakazungumza habari za soko.

Daktari amesema jicho la kulia linaweza kupasuliwa na likaona. Kuna mtaalamu anayetarajiwa katika hospitali ya mbali baada ya mavuno, na Mwanakhamisi ameshaacha kununua khanga ili nauli na malazi vipatikane. Mwandishi wa habari hizi alipomwuliza anatafuta nini zaidi kwa mzee aliyekwisha kumsamehe, alitikisa kichwa.

"Amesamehe sauti," alisema. "Nataka jicho lile lifunguke, mtu wa kwanza kuletwa mbele yake niwe mimi. Anitazame vizuri, amjue mwanamke aliyemuuza. Halafu kama bado atanisamehe, nitaamini."