Karatasi Niliyoiacha Bila Alama

Bosi wangu alisimama mbele ya wageni sitini akasoma jiwe la kale kinyumenyume, mwanzo mpaka mwisho, kwa sauti ya mtu anayejiamini.

Ukumbini tuliojua tulikuwa wawili tu. Mimi na jiwe.

Nikajikausha kimya.

Kabla hujaniita roho mbaya, ngoja nikueleze alichonifanyia. Ukimaliza kusoma, hukumu ni yako.

Nina stashahada, nina watoto watatu, na nina miaka kumi na minne kwenye jumba la makumbusho. Kazi yangu ni maandishi ya mawe. Jiwe likiletwa nalisafisha, nalilazia karatasi nene iliyolowa maji, kisha naigongagonga kwa brashi mpaka izame kwenye kila herufi. Ikikauka naibandua na maandishi yake. Ndiyo maana kazini wananiita Mama Karatasi.

Sasa sikiliza hapa. Karatasi hiyo ina pande mbili. Upande uliogusa jiwe unatoka na herufi zilizogeuka, kama unazitazama kwenye kioo. Upande wa kusoma ni ule wa nyuma. Kwa hiyo siku zote naweka alama ndogo ya penseli pembeni, maana yake: soma huku.

Jiwe la kwanza la kisa hiki nililisoma miezi kumi na moja. Nikampa bosi, tunayemwita Daktari, daftari langu alipitie.

Kitabu kikatoka na jina lake peke yake.

Nikamfuata ofisini.

"Daktari, hii kazi ni yangu."

Hata kichwa hakuinua. "Mama Karatasi, wewe ni fundi. Umeona wapi mpiga plasta akasaini ramani ya nyumba?"

Nikaenda kwa mkurugenzi. Daktari akajibu kwa barua, nakala kwangu: fundi wa karatasi hakuhusika, wala hatahusika, na usomaji wa jiwe lolote. Msomaji ni yeye tu. Sahihi na muhuri juu.

Nyumbani binti yangu mkubwa alikipekua kile kitabu ukurasa kwa ukurasa, mpaka kwenye shukrani.

"Mama, humu umejificha wapi?"

Hapo ndipo shetani aliponivutia kiti, nami nikakaa.

Miezi mitano baadaye likaja jiwe la pili. Daktari hakuja hata kulitazama.

"Ijumaa nataka karatasi mezani kwangu. Jiwe lifungwe kwenye sanduku mpaka siku ya uzinduzi."

Nikagonga karatasi yangu asubuhi moja. Nikalisoma jiwe hapohapo, nikaandika nilichosoma, nikakifungia kabatini.

Kisha nikampelekea karatasi. Sikuweka alama. Niliilaza mezani upande wa kioo ukiwa juu.

Basi. Sikufuta kitu, sikuharibu kitu. Mtu aliyewahi kugonga karatasi hata mara moja maishani angeigeuza. Yeye hajawahi kulowesha hata kidole.

Maandishi yale yana herufi nyingi ambazo ukizigeuza zinafanana na nyingine, kwa hiyo alipata maneno hapa na pale. Alipokosa neno alichomeka mfalme.

Ndiyo ile siku ya wageni sitini. "Mfalme mkuu aliwaponda adui zake," akasoma. Makofi yakapigwa.

Mgeni mmoja hakupiga. Alikuwa bibi wa miwani minene, bingwa wa maandishi hayo. Alikwenda kwenye jiwe, akarudi kwenye mchoro wa herufi zake uliotundikwa ukutani, akaenda tena kwenye jiwe.

"Mwanangu, mchoro huu kachora nani?"

"Mimi mwenyewe, Bibi."

"Basi umelisomea kwenye kioo. Hapa hakuna mfalme. Hili ni katazo la kisima."

Daktari akaninyooshea kidole. "Ni huyu. Hakuweka alama."

"Uliniandikia kwamba huyu mama hahusiki na usomaji," mkurugenzi akasema. "Barua ninayo."

"Lakini karatasi ni yake."

"Na kusoma ni kwako."

Wiki iliyofuata Daktari alihamishiwa ghala la viti vibovu. Nilikuwa napita pale makusudi, mara mbili kwa siku. "Habari za viti, Daktari?" Sijawahi kula raha kama ile.

Mkurugenzi akaniambia nisome mimi, na jina litakuwa langu. Nikatoa ile karatasi ya kabatini niliyoandika usomaji wangu. Ikachongwa kwenye bamba la shaba: atakayefua nguo kisimani atanyimwa maji siku saba. Chini yake, majina yangu yote matatu. Binti yangu akapiga nalo picha.

Baada ya miezi miwili yule bibi akarudi na tochi. Akalimulika jiwe kutoka ubavuni.

"Mama, vijistari vya kuhesabu siku viko sita. Hiki cha saba ni mkwaruzo wa jembe, kina chake hakifanani na cha vingine. Jiwe hili ulilisoma mara ngapi?"

"Mara moja, Bibi."

"Mtu kama wewe?"

Nilikosa pa kuweka uso. Jiwe la kwanza nililipa miezi kumi na moja. Hili nililipa asubuhi moja, kwa sababu akili yote ilikuwa kwa Daktari: ataigeuza, hataigeuza? Na sanduku lilipofunguliwa, muda wa kulirudia nikautumia kwenda kumcheka kwenye viti.

Mkurugenzi anasema bamba litachongwa upya mwakani. Juzi nilimkuta Daktari amesimama mbele ya jiwe, kidole hewani, anahesabu vijistari.

"Hongera, msomaji," akaniambia, akaondoka zake taratibu.

Sijutii ile alama. Hata kesho nisingeiweka. Lakini wewe uliyedhulumiwa, nisikie vizuri: mlipe mbaya wako, ila umalize kwanza kazi yako, na uikague mara mbili. Mimi nilimwangusha mtu mzima mzima, na kosa lililobaki ukutani lina jina langu.