Maneno Niliyoyasema Bombani

Uongo ule niliutoa mimi, kwa kinywa changu, asubuhi moja tukingoja maji kwenye bomba la mtaa. Nimekawia kuuandika kwa sababu mume wangu, alipokuwa hai, hakupenda tuuguse.

Alikuwa karani wa reli. Jumapili baada ya misa, rafiki yake mwalimu, aliyewahi kusomea upadri akaacha, alikuja kwetu, mtaa wa Katuba, na vitabu vya Kifaransa. Walibishana: je, anayetafuta haki anaruhusiwa kutenda yasiyo haki njiani? Mimi nilimenya mihogo nikisikiliza. Mwaka ule, bado wakati wa ukoloni, walikuwa na jambo la kweli mkononi. Katika duka moja kubwa la mjini, sisi weusi tulinunua kupitia dirisha la pembeni, hata mvua ikinyesha. Mlango wa mbele ulikuwa wa Wazungu peke yao. Mume wangu na mwalimu walitaka watu waache kununua pale mpaka mlango ufunguliwe. Walipita nyumba kwa nyumba, watu wakaitikia, kesho yake wakarudi dirishani.

Ndipo mwalimu akashauri tuseme kwamba nyama ya makopo ya duka lile ni nyama ya watu. Katuba nzima iliogopa batumbula, wale waliosemekana kuwakamata wenzao na kuwauza kwa Wazungu wanenepeshwe, waliwe. Mume wangu akaniangalia.

"Banamuke batakusikia weye," akasema.

Nilijua si kweli. Nilijua pia baridi ya pale dirishani, mtoto akilia mgongoni. Nikakubali, na asubuhi yake nikawaambia wanawake wenzangu bombani.

Kuanzia siku ile dirisha lilibaki bila mtu. Lakini watu wakajiuliza swali ambalo sisi hatukulifikiria: kama ni nyama ya watu, nani anawapeleka? Jirani yetu alikuwa mlinzi wa ghala la duka lile. Alikuwa mtu wa kaskazini kama mimi, mpole, na siku mwanangu aliposhikwa na degedege ndiye aliyembeba hadi hospitali. Watu wakasema ndiye, wakamvunja mkono, wakachoma baiskeli yake.

Alikuja mlangoni kwetu, mkono umefungwa kwa kitenge cha mkewe. Hakujua kwamba habari ilitoka kwangu.

"Dada, weye unanijua," akasema. "Bantu banakusikilizaka. Useme tu mbele yao: huyu si mutumbula."

Mume wangu akanivuta ndani. Aliongea polepole, kama mtu anayejishawishi mwenyewe. "Ukisema, kazi yote imeanguka. Muntu mumoja na bantu bote, tuchague nini?"

Nilirudi mlangoni nikamwambia jirani kwamba nitaona. Alinishukuru. Kabla ya wiki kuisha alipanda lori na mkewe, wakaenda Kasomeno, mbali na mji.

Duka lilikosa wateja, na mwishowe mlango wa mbele ukafunguliwa kwetu pia. Nilipita pale nimevaa viatu vya misa, nikanunua sabuni na sukari, na muuzaji akanijibu kwa adabu. Nilifurahi. Hilo nalo sitalificha.

Miaka kadhaa baadaye nilimfuata Kasomeno. Alikuwa akiuza samaki wakavu kando ya barabara, na mkono wake ulikuwa umeunga vibaya. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Alimaliza kwanza kumfungia mteja samaki wake.

"Ulisha kubaambia bale ba Katuba?"

"Bado."

"Basi rudia kule kwanza," akasema. "Kwangu utakuja nyuma yake."

Nilirudi. Mume wangu aliniomba nisubiri, nami nikasubiri. Simlaumu, kinywa kilikuwa changu. Wanawake wale walihama mmoja mmoja, wengine tukawazika wakiamini bado kwamba tuliishi jirani na mutumbula. Mwalimu aliendelea kuja na vitabu vyake, lakini swali lile la haki hawakuligusa tena.

Baada ya kumzika mume wangu nilipanda lori la Kasomeno mara ya pili, nikiwa bado sijawaambia watu wa Katuba. Mke wa jirani alinipeleka kwenye kaburi la mumewe. Halafu akaniuliza kama nilikuwa nimekula njiani, akaenda kuwasha moto.