Punje Nyeusi za Sekunda

Aibu hii naiandika mwenyewe kabla Editha wa Kitai, mzazi mwenzangu, hajawafikishia na chumvi zake, maana ndiye aliyeninong'oneza siku ile, "Mama Sekunda, kazi ya mwanao mbona ina uchafu?"

Ilikuwa siku ya wazazi shuleni. Mwanangu alitakiwa kueleza kazi yake kwa mgeni kutoka Songea, na akifaulu anakwenda kushindana hukohuko mkoani. Kwa waya, udongo, choroko, njegere na mbegu nyingine alitengeneza vitu viwili wanavyosema vimo mwilini mwetu: DNA, kama ngazi iliyosokotwa, na RNA, upande mmoja tu wa ngazi. Mimi (nilipofika darasa la nne, baba mdogo Kristofa akanitoa nikachambue kahawa yake Mpepai, namtaja wala sifichi) nikaona kwenye RNA kila kidonge cha udongo kimebandikwa punje nyeusi ya kahawa, ile mbovu kabisa, na kwenye DNA hakuna. Mikono yangu imezeeka ikitoa punje nyeusi, basi Sekunda alipokwenda kunywa maji nikabandua kwa ukucha moja, nyingine, mpaka zikaisha, nikazifunga kwenye pindo la kitenge, nikajisifu.

Mgeni akafika. Sekunda akanyoosha kidole: "Tofauti ya kwanza, sukari ya RNA, hivi vidonge, ina oksijeni ya ziada, hii ha..."

Akaangalia kucha zangu.

"Mama, umechambua?"

"Zilikuwa mbovu, mwanangu."

Watu walicheka, na Baltazari, baba yake aliyetukimbia akaja siku hiyo tu na koti la kuazima, alicheka mpaka akakohoa. Nikaona safari ya mtoto imekufa kwa mikono yangu.

Sekunda hakulia. "Mheshimiwa, mama ameondoa oksijeni, sasa hizi ni sukari za DNA."

"Kwa hiyo hii imekuwa DNA?"

"Bado. Hizi choroko ni kemikali iitwayo urasili. DNA haina urasili, ina thaimini, zile njegere pale. Mama hajamaliza kuchambua."

Mgeni alicheka mpaka akavua miwani, kisha akaniamuru nifungue kitenge nizirudishe mbele ya wote. Mtoto ananionyesha, "Hapa, mama, kaboni ya pili ya sukari," nami nabandika, najifunza kile Kristofa alichoninyima.

Songea alikwenda. Ndani ya basi kazi yake aliipakata mwenyewe, na mimi pembeni yake nilikalia mikono yangu yote miwili mpaka tukafika.